Gari la familia lenye uvungu: jinsi ya kulichagua ukiwa Dodoma

Siku niliyoamua kuachana na gari dogo tulikuwa tunarudi kutoka msibani Mpwapwa: mimi, mke wangu, watoto watatu, na nusu gunia la karanga ambalo bibi alikataa tuliache. Kwenye kipande cha vumbi gari likazama shimoni, tukasikia "ko!" chini ya miguu, na haikupita dakika tano taa nyekundu ya oili ikawaka. Jiwe lilikuwa limepasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Tulikaa chini ya mbuyu kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama, na mke wangu akaniambia maneno ambayo hapa sitayaandika.

Tangu hapo nimenunua SUV ndogo mbili, ya kwanza kwa pupa na ya pili kwa akili kidogo. Katikati nimewasindikiza ndugu na wafanyakazi wenzangu kadhaa kwenda kukagua za kwao. Nilichojifunza ni kwamba wengi wetu tunanunua jina la gari, au herufi ya namba yake, kumbe linalokuja kutubeba ni gari moja tu, lile lenye historia yake na majeraha yake.

1. Kabla ya yadi, shika daftari

Kwa wiki mbili andika kila safari ya familia: mlikwenda wapi, mlikuwa wangapi, mzigo gani, na njia ilikuwa lami, changarawe au mchanga. Ni kazi ya kuchosha, lakini mimi ndiyo iliyonifumbua macho. Safari zangu nyingi zilikuwa Ilazo kwenda Mtumba kazini, shuleni, Soko la Majengo na kanisani. Zilizodai gari lenye nguvu ya magurudumu manne zilikuwa mbili. Mbili, katika hamsini na kitu.

Safari ya Dar nayo ipime upya. Zamani kila mtu hapa alitaka injini kubwa kwa ajili ya zile kilomita 450. Tangu treni ya umeme ianze kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, mimi Dar naenda kwa treni, na gari linabaki nyumbani. Kama na wewe uko hivyo, usinunue injini ya barabara kuu halafu ukaishi nayo kwenye foleni ya asubuhi.

Unachokihitaji karibu hakika ni uvungu, yaani nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Gari dogo la kawaida lina kama sentimita 15 kutoka ardhini. SUV hizi ndogo nyingi ziko kati ya 17 na 22. Ila usiamini karatasi. Springi zikichoka na watu watano wakipanda, sentimita tatu au nne zinapotea. Mimi huenda na rula ya shule ya mwanangu, napiga goti, napima kutoka chini hadi sehemu ya chuma iliyoning'inia zaidi, gari likiwa na watu ndani. Madalali wanacheka. Waache wacheke.

Kuhusu fowili, yaani gari la kuvuta magurudumu manne: mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na miezi mingine ni vumbi na makorongo makavu. Kwa anayeishi Kisasa, Nkuhungu, Miyuji au hata Mkonze, gari la kuvuta magurudumu mawili lenye uvungu mzuri na matairi yenye meno litamfikisha. Anayelima mpunga Bahi, au mwenye kwao ndani kabisa kule Kondoa na Chamwino, huyo achukue fowili bila kujadili, maana udongo wa mbuga ukilowa unashika kama ugali. Lakini ajue fowili ya SUV ndogo si ya Land Cruiser. Nyingi husukuma nguvu nyuma pale magurudumu ya mbele yanapoteleza tu, na ukilazimisha muda mrefu kwenye mchanga mfumo unapata moto na kujizima.

2. Gawa pesa kabla hujaona rangi

Ukiwa na milioni 30, usitafute gari la milioni 30. Tafuta la 24 au 25. Kinachobaki si cha starehe: kuna kubadili umiliki, bima, oili zote, matairi kama yamezeeka, na lile jambo moja ambalo lazima litokee mwezi wa kwanza. Bima kubwa ya gari binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, na VAT juu yake. Gari la milioni 25 litakula zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu, haifiki laki moja na nusu. Kwa gari la bei hiyo mimi nakata kubwa, hasa mwaka wa kwanza.

Sasa mafuta, ambayo watu huyaongelea kupita kiasi. Tuchukue kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: ni kilomita 880. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litanywa lita 88. Linalokwenda 13 litanywa kama 68. Tukiweka lita kwa shilingi 3,000, tofauti ni kama elfu 60 kwa mwezi, laki saba na kitu kwa mwaka. (Bei halisi EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Dodoma huwa juu ya ile ya Dar.) Ni pesa, sikatai. Lakini gia boksi moja likifa, akiba ya miaka mitano ya mafuta imekwenda. Kwa hiyo anza na uzima wa gari, unywaji ufuate.

3. Jipya, la kuagiza, au la mkononi mwa mtu

Jipya kabisa nitalimaliza haraka. Unapata udhamini, mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000, na hulipi ushuru wa uchakavu. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: huduma za udhamini nitafanyiwa wapi nikiwa Dodoma, na kama ni Dar tu, gari likigoma Manyoni nani atalivuta? Akijikuna kichwa, umeshapata jibu. Kwa taasisi, au kwa mtu anayekusudia kukaa na gari miaka kumi, jipya lina mantiki. Kwa mshahara wa kawaida, bei yake hukupa gari la ukubwa mmoja chini ya lile unalolihitaji.

La kuagiza Japani ndilo linaloleta mahesabu. Hapa watu huangalia bei ya mtandaoni, wanafurahi, halafu bandarini wanashika tama. Usilipe hata senti kabla ya kufungua kikokotoo cha magari kwenye tovuti ya TRA, ujaze aina, mwaka, nchi na ukubwa wa injini. TRA hutumia thamani yake, si risiti yako. Mpangilio uko hivi: ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, unaohesabiwa juu ya thamani pamoja na forodha: hadi cc 1,000 sifuri, 1,000 hadi 2,000 asilimia 5, zaidi ya hapo 10. Kisha ushuru wa uchakavu, juu ya jumla hiyohiyo: gari la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, likipita 10 asilimia 30. Mwishoni VAT asilimia 18 juu ya jumla yote, pamoja na tozo ndogondogo. Bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango hivi, kwa hiyo rudia hesabu wiki ya kulipa.

Ona kwa namba. Magari mawili, yote TRA imeyathamini milioni 20 pamoja na nauli ya meli. La kwanza cc 1,495, umri miaka 9: forodha milioni 5, injini milioni 1.25, uchakavu 3.75, VAT 5.4. Jumla 15.4. La pili cc 2,362, umri miaka 12: forodha 5, injini 2.5, uchakavu 7.5, VAT 6.3. Jumla 21.3. Karibu milioni sita zimepotea kwa sababu ya umri na ukubwa wa injini peke yake. Ndiyo maana wakati mwingine gari "la bei nafuu" la mwaka wa nyuma huishia kuwa ghali kuliko changa.

Ukiagiza, omba karatasi ya mnada, ile inayolipa gari daraja la hali yake. Daraja 4 ni zuri, 3.5 linavumilika, R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Miaka ya Kijapani huandikwa kwa enzi ya mfalme: ukiona H, ongeza 1988, ukiona R, ongeza 2018. H24 ni 2012. Na uulize ukaguzi wa TBS unafanyika wapi na nani anaulipia, usije ukakuta umo kwenye hesabu yako wakati ulidhani uko kwa muuzaji.

La mkononi mwa mtu hapa nchini ndilo ninalolipenda mimi, japo si kwa sababu wanazozitaja watu. Wanasema "hili ni namba E, bado jipya." Namba inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania tu. Gari la mwaka 2007 linaweza kuvaa namba E, na la 2014 likavaa namba D. Uzuri wa la mkononi ni kwamba unaweza kulipanda, kulilaza kwa fundi, na kumuuliza jirani wa mwenye gari limekuwa likiamka vipi asubuhi.

4. Majina yenyewe, kwa ufupi na kwa upendeleo

Toyota RAV4, ile ambayo mtaani tunaiita Miss Tanzania, na ndugu yake Vanguard mwenye siti saba, ndizo nyingi. Injini ya cc 2,362 ni ya cheni, si ya mkanda wa taimingi, na ina nguvu, lakini zile za kama 2006 hadi 2009 zinajulikana kwa kula oili. Na nyingi zilizotoka Japani zina gia boksi la CVT, lile la otomatiki lisilo na hatua za gia. Watu hudhani CVT ni ugonjwa wa Nissan peke yake. Siti za tatu za Vanguard ni za watoto, mtu mzima akikaa huko magoti yanamgusa kidevu. Kilitime, yaani RAV4 ya zamani iliyotangulia Miss Tanzania, ya cc 2,000 kutoka Japani ina mfumo wa D-4 wa kupuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda. Pampu yake ya presha ikichoka utamtafuta fundi hasa, si mbahatishaji.

Rush ni cc 1,495, gia nne za kawaida, imejengwa ngumu, ushuru wake ni wa chini. Ubaya: kelele ndani, buti dogo, na watoto watatu nyuma wanagombana viwiko. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, na kwa urefu huo injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Rush iliyojaa utalihisi hilo kwenye mlima. Ndiyo ninayoiendesha mimi, na mke wangu bado hajaisamehe ile kelele.

Nissan X-Trail ya kuanzia 2007 ina nafasi kuliko zote za bei yake. Ukiitaka, hakikisha oili ya CVT ilibadilishwa kwa oili yake yenyewe: NS-2 kwa ile ya 2007, NS-3 kwa ya 2013. Akikuambia "tuliweka haidroliki ya kawaida, inakwenda tu," shukuru na uondoke. Dualis ni hiyohiyo kwa ndani, ila imebanwa.

Forester inashika barabara vizuri kuliko zote hizi, na uvungu wake ni wa kweli. Zile za kabla ya mwisho wa 2010 zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Za baadaye zisizo na turbo zina cheni. Injini yake imelala ubavu, hata kubadili plagi ni kazi. Tafuta fundi wa Subaru kwanza, gari baadaye.

Escudo, ile ya umbo la kabla ya 2015, ndiyo ya mkulima: ina gia nzito ya fowili ya kweli na chasisi ndani ya bodi, lakini inakunywa. CR-V ni nzuri, iko chini kidogo. CX-5 ya petroli ina gia boksi la kawaida la hatua sita, safi; ya dizeli iache kama safari zako ni za mjini, chujio lake la masizi linataka mwendo mrefu ili lijisafishe. Haibridi zina kifeni cha kupoza betri, mara nyingi karibu na siti ya nyuma, na vumbi la huku hulijaza tundu lake. Kama wanao wanatupa majaketi hapo, kazi ipo.

5. Piga simu tano za spea

Hatua hii haichukui saa moja. Chagua maduka ya spea mawili ya Dodoma na matatu ya Kariakoo, upande wa Gerezani. Uliza bei ya vitu vitano vya gari unalolitaka: shokapu za mbele, brek pedi, beringi ya gurudumu la nyuma, taa ya mbele na ea klina. Wakijibu papo hapo kwa bei zinazokaribiana, gari hilo lina ndugu mjini. Wakisema "nipigie kesho nikuangalizie," ujue kila ukiharibikiwa utakuwa unasubiri kifurushi kwenye basi la usiku.

6. Ukaguzi: gari likiwa limelala

Hapa usiwe na haraka. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna kitu kimefichwa kwa kulipasha: aidha linawaka kwa shida asubuhi, au linatoa moshi wa kwanza.

Fungua kifuniko cha oili, kitazame kwa ndani. Rangi ya kahawia ni sawa. Tope jeusi lililoganda ni gari lililocheleweshewa huduma. Utando mweupe kama maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Kisha rejeta, ikiwa baridi tu. Unataka kuona kulanti ya kijani, nyekundu au ya waridi. Ukikuta maji matupu, uliza kwa nini. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi. Angalia ndani ya birika lako la nyumbani ule ugaga mweupe, halafu fikiria ugaga huohuo kwenye vijia vya injini. Uliza pia kama themostati ipo, kile kidude kinachodhibiti joto la injini. Mafundi wengi huing'oa "ili injini isichemshe," na injini inaishi inakwenda baridi, inakula mafuta, huku tatizo halisi likiwa palepale.

Angalia boliti zinazoshika boneti na madigadi ya pembeni. Rangi ikiwa imechubuka kwenye pembe za boliti, zilifunguliwa. Si dhambi, ila uliza. Vuta mikanda ya siti mpaka mwisho kabisa: ikiwa na mstari wa tope au harufu ya ukungu, gari lilizama. Magari yaliyopitia mafuriko ya Dar huletwa bara yakiwa yanang'aa. Inua zulia chini ya siti ya abiria, pitisha kidole.

Piga goti tena. Japani kuna mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, na gari lililotoka huko lina kutu iliyokula vyuma vya chini wakati bodi ni safi. Kutu ya juujuu si neno. Ile inayobanduka kama maganda, hapana.

Matairi: soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama gari ni fowili, matairi yote manne yawe saizi moja na yameisha sawasawa. Mchanganyiko huharibu kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Mita ya kilomita hudanganya kirahisi. Tafuta stika za Kijapani za kubadili oili kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, zina tarehe na kilomita. Linganisha na pedali ya breki, ngozi ya usukani, na kona ya siti ya dereva. Gari la kilomita 70,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma.

Mwisho mpe fundi apime kwa mashine. Na hapa nitoe siri niliyopewa na fundi wangu wa Chang'ombe. Nilimletea gari moja, mashine ikasema hakuna kosa, mimi nikaanza kutabasamu. Akaniambia, "Baba Neema, subiri kwanza. Hii imefutwa asubuhi." Akanionyesha kwenye skrini orodha ya vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe likitembea; vyote vilikuwa bado havijakamilika. Mtu alikuwa amefuta makosa saa chache zilizopita. Tukaliendesha nusu saa, taa ya injini ikarudi.

7. Liendeshe mpaka lichoke

SUV yangu ya kwanza niliinunua kwenye yadi moja Dar, jioni, kwa kuzunguka mtaa mara mbili. Kesho yake nikaanza safari ya kuja Dodoma. Morogoro nikapita vizuri. Kwenye miinuko ya kuelekea Gairo mshale wa mizunguko ukapanda, injini ikapiga kelele, gari likabaki na mwendo wa baiskeli. Gia boksi lilikuwa bovu, ila ubovu wake ulionekana likishapata moto tu. Nilipopiga simu yadi, ile sauti iliyokuwa ikiniita "bosi" ikawa haipatikani.

Kwa hiyo: si chini ya dakika 40, na njia yenye kila kitu. Mimi naanza katikati ya mji na foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa muda wote. Nakwenda barabara ya Morogoro hadi Ihumwa nione linavyotulia kwenye mwendo. Narudi kupitia mtaa wa changarawe nikiwa nimezima redio na kufungua vioo, nasikiliza bushi na shokapu. Namalizia kwenye mwinuko wa Ntyuka.

Kwanza kabisa, gari likiwa limesimama na mguu kwenye breki, toa gia kutoka P kwenda R, kisha D. Likishtuka kama limepigwa teke, au likikawia sekunde mbili kabla ya kushika, andika. Kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, CVT iliyochoka hutetemeka kama inapita kwenye matuta madogo. Kwenye uwanja mtupu kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole kila upande. Mlio wa "tak-tak-tak" ni jointi za magurudumu ya mbele. Mtu wa nyuma aangalie moshi: wa bluu ni oili, mweupe usiokoma ni maji, mweusi ni mafuta yanayopotea.

Watoto wawe ndani. Sisemi kwa utani. Walio nyuma ndio watakaokuambia kama hewa ya kiyoyozi inawafikia, na Oktoba saa nane mchana hapa hiyo si starehe.

8. Karatasi

Kadi ya gari iwe halisi mkononi, jina lake lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. "Kadi iko kwa shemeji" au "iko benki" maana yake mara nyingi imewekwa rehani kwenye mkopo. Kama mwenye jina amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa. Dalali atakuambia ndugu wote wamekubali. Mwambie akuletee hati.

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa TMS uone faini, kwenye mfumo wa TARURA uone madeni ya maegesho, na kwenye mfumo wa TIRA uone kama bima iliyobandikwa ni ya kweli. Madeni hufuata gari, kwa hiyo yalipwe kabla ya mkataba au yakatwe kwenye bei.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, pesa ipite benki, na siku hiyohiyo au kesho yake mwende TRA wote wawili. Kuna ada ya kuhamisha shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Usikubali kuendesha miezi sita kwa kadi ya mtu. Akifa, akidaiwa au mkikosana, gari ni lake.

9. Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya injini na chujio lake hata kama umeambiwa imebadilishwa juzi. Oili ya gia boksi vilevile, kwa ile iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kijiti chake. Ea klina itoe uipige kiganjani. Kwa vumbi letu mimi naisafisha kila mwezi wa kiangazi na kuitupa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Usisahau chujio la hewa ya ndani, nyuma ya droo ya dashibodi. Kwenye gari langu nilikuta pamba, majani makavu na kipande cha gazeti la Kijapani.

Halafu tairi la akiba. SUV nyingi za miaka ya karibuni kutoka Japani hazina, zina chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi ile haifui dafu kwa mwiba wa mgunga ulioingia ubavuni. Nunua tairi, nunua na pampu ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Kabla hujatoka mjini jaribu kufungua nati za magurudumu mwenyewe, nyumbani, kwa spana iliyokuja na gari. Vijana wa pancha wengine hukaza kwa mashine mpaka basi. Zangu ziligoma siku mbili. Ya tatu tulipachika bomba refu kwenye spana, kijana akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, na ndipo ya kwanza ikalia.